Wabunge huru 74: uchambuzi wa Bunge la Uganda lililochaguliwa mwaka 2021

Uchaguzi mkuu wa tarehe 14 Januari 2021 uliipa Uganda Bunge la watu 529. Chama tawala cha NRM kilipata viti 336. NUP, chama kilichozinduliwa chini ya uongozi wa Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, miezi isiyozidi sita kabla ya siku ya kura, kilipata viti 57 na kuwa upinzani rasmi. Kati ya vyama vingine, FDC ilibaki na 32, DP na UPC zikapata 9 kila moja, JEEMA na PPC kiti kimoja kimoja, na jeshi likaingiza wawakilishi wake 10 kama Katiba inavyoagiza. Waliosalia ni watu 74 ambao karatasi ya kura haikuwaonyesha kuwa na chama chochote. Hao ndio waliokuwa kundi la pili kwa ukubwa bungeni, wakikizidi chama kikuu cha upinzani kwa viti 17. Kwa kuwa hawana kiongozi mmoja wala ilani, ni rahisi sana mtu kulisoma tokeo lile na kuwapita bila kuwauliza wametoka wapi.

Swali hilo lina uzito kwa sababu idadi yao haikuanguka kutoka mbinguni mwaka ule. Mwaka 2011 wabunge huru walikuwa 43, mwaka 2016 wakafika 66, na mwaka 2021 wakawa 74. Jambo linaloongezeka chaguzi tatu mfululizo haliwezi kuelezwa kwa hasira ya mgombea mmoja mmoja aliyedhulumiwa kwenye mchujo wa chama chake. Uchambuzi huu unashikilia kwamba wabunge huru ni zao la kanuni zetu za kupiga na kuhesabu kura, na kwamba mjadala wa mageuzi nchini umeelekezwa mno kwa refa wa mchezo huku sheria za mchezo zenyewe zikiachwa nyuma.

Tuanze na namna kiti kinavyopatikana. Mwaka 2021 nchi ilikuwa na majimbo 353, kila moja likitoa mbunge mmoja, na viti 146 vya wabunge wanawake wa wilaya na majiji. Viti hivyo 499 vyote hutolewa kwa kanuni moja: anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomkubali. Viti 30 vinavyobaki ni vya jeshi, vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na wazee, na hivyo havipigiwi kura na umma kwa jumla. Kwa rais, Katiba ya mwaka 1995 inadai zaidi ya asilimia 50 ya kura halali, na akikosekana wa kufikisha hapo, wawili wa juu huenda duru ya pili. Kwa mbunge haidai hivyo. Waliotunga Katiba walitaka rais awe na wingi wa kweli nyuma yake, lakini wakaona mbunge anaweza kuingia bungeni kwa theluthi moja ya kura, au hata pungufu, mradi wenzake wamegawana zilizobaki.

Kanuni hii imewahi kutupindisha kabla hata ya uhuru. Katika uchaguzi wa Machi 1961 serikali ya Mengo, yaani ya ufalme wa Buganda, iliwaambia watu wa Buganda wasusie kura, na wengi mno walitii. DP iliingia Buganda ikachukua viti 20 kati ya 21 kwa kura chache sana, na ingawa UPC ilikuwa na kura nyingi zaidi kwa hesabu ya nchi nzima, DP ndiyo iliyopata wingi wa viti na Benedicto Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali. Mwaka uliofuata wabunge wa Buganda hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja bali na Lukiiko, yaani bunge la ufalme huo, ambalo lilikuwa mikononi mwa Kabaka Yekka (KY), chama cha wafuasi wa mfalme. DP ikapukutika Buganda, na Milton Obote, kiongozi wa UPC, akaunda serikali kwa muungano wa UPC na KY. Katika mwaka mmoja tu, kura zilezile za eneo lilelile zilitoa picha mbili zisizofanana, na tofauti kubwa ilikuwa njia iliyotumika kuzigeuza kuwa viti.

Hata hivyo nchi nyingi zina kanuni ya anayeongoza kushinda, na hazina wabunge huru 74. Zambia wanayo, Kenya wanayo. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoungana nayo hapa kwetu, na kitu hicho kina historia.

Kuanzia mwaka 1986 hadi 2005 Uganda iliendeshwa kwa mfumo wa Movement, ambao uliviacha vyama vikiwa hai kwa jina lakini ukavizuia kusimamisha wagombea na kufanya kampeni. Mbunge alisimama kwa kile kilichoitwa sifa binafsi. Mpigakura aliulizwa nani mtu wa kweli, nani alisaidia msiba, nani alichangia paa la kanisa au la msikiti, nani ana elimu ya kutusemea Kampala. Kura ya maoni ya mwaka 2000 iliuridhia mfumo huo kwa zaidi ya asilimia 90, na ile ya Julai 2005 ikarudisha vyama vingi, nayo kwa zaidi ya asilimia 90. Mbili hizo ukizitazama kwa pamoja unaona kwamba wananchi waliifuata serikali ilipoelekea, na kwamba vyama vilirudi kwa amri ya juu, si kwa shinikizo la mizizi yao vijijini. Mpigakura aliyezoea kwa miaka karibu 20 kuchagua mtu alipewa karatasi yenye nembo za vyama na kuambiwa kwamba sasa achague chama. Ukikaa na wafanyabiashara wa Busia au wa Arua mpaka leo, utasikia mtu akitamka bila aibu kwamba rais alimpigia wa chama hiki na mbunge akampigia mtu wake.

Katiba nayo iliacha mlango wazi. Ibara ya 72 inampa kila mtu haki ya kugombea bila chama, na ni haki inayostahili kulindwa; Tanzania, ambayo imeikataa, ilishindwa mwaka 2013 mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha katika shauri lililohusisha madai ya Mchungaji Christopher Mtikila. Sisi tatizo letu halikuwa kuikosa haki hiyo. Tatizo ni kwamba imekuwa njia ya kukata rufaa dhidi ya mchujo wa chama tawala.

Hapa inafaa kuutazama mchujo wenyewe kwa karibu. Tarehe 4 Septemba 2020 NRM iliteua wagombea ubunge kwa wanachama kupanga mstari nyuma ya mgombea au wakala wake. Hakuna karatasi, hakuna sanduku, hakuna pazia. Msimamizi hupita kando ya mstari akihesabu vichwa kwa sauti, na mawakala hutembea naye wakihesabu kwao kimoyomoyo. Mwenye duka anaona mteja wake mwenye deni amesimama nyuma ya nani. Mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, anaona nani katika kijiji chake amekwenda upande mwingine. Na aliyepokea kitu usiku uliopita anajua kwamba aliyempa yupo palepale akitazama. Msimamizi akishaandika idadi, watu hutawanyika, na hesabu ile haiwezi kurudiwa tena, kwa sababu kura zenyewe zimeondoka kwa miguu zikarudi nyumbani. Mgombea anayedai kwamba watu wake walikuwa 600 na wakaandikwa 400 hana cha kumwonyesha mtu yeyote. Wanaoutetea utaratibu huu husema ni wa bei nafuu, na kwamba kila mtu anaona kwa macho yake nani kashinda, hoja ambayo haina uongo kwa kijiji kimoja, lakini inapotea pindi matokeo ya mamia ya vijiji yanapoanza kusafiri kwenda makao makuu ya wilaya yakiwa yameandikwa kwenye karatasi tu.

Aliyeshindwa kwa njia hiyo ana mambo matatu mbele yake. Anajua kwamba hesabu haiwezi kuthibitishwa, kwa hiyo hata akiwa ameshindwa kweli hana sababu ya kukubali. Anajua kwamba Katiba inamruhusu kugombea akiwa huru. Na anajua kwamba katika jimbo analoishi, anayeongoza kwa kura chache tu ndiye atakayeapa. Tuchukue jimbo la kubuni lenye kura 30,000, ambamo mgombea wa NRM anapata 9,000, mwana-NRM aliyetoka kwenye mchujo kwa hasira anapata 11,000, mgombea wa NUP 7,000 na wa FDC 3,000. Huyo wa pili ameshinda kwa chini ya asilimia 37, na waliompinga ni karibu watu wawili katika kila watatu. Kwa mantiki ya kawaida chama kinachogawanyika namna hii kingepaswa kuadhibiwa, kwa sababu mpinzani angepita katikati. Lakini sehemu kubwa ya nchi nje ya Buganda na baadhi ya miji haiko hivyo: NRM ni kubwa kiasi kwamba inaweza kukatika vipande viwili na kila kipande kikabaki kikubwa kuliko upinzani wote. Katika maeneo hayo uchaguzi mkuu umegeuka kuwa duru ya pili ya mchujo wa NRM, safari hii kwa kura ya siri.

Baada ya kuapa kuna kikwazo kingine cha ajabu. Ibara ya 83 inasema mbunge aliyechaguliwa akiwa huru akijiunga na chama anapoteza kiti chake. Nia ilikuwa kuzuia ununuzi wa wabunge. Matokeo yake ni kwamba mwana-NRM aliyeshinda nje ya chama hulazimika kubaki huru kwenye rejesta hata kama moyo wake, rafiki zake na kura zake bungeni vyote viko upande wa serikali. Si wote walio hivyo. Wamo wabunge huru waliosimama imara dhidi ya serikali, na wamo waliotoka vyama vya upinzani. Wengi, hata hivyo, ni wa upande wa chama tawala, na hesabu ya Bunge inaonyesha hilo lina thamani gani. Kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 353 kati ya 529. NRM ilikuwa na 336. Ilipungukiwa na 17, na nje ya mlango wake walikuwepo 74.

Sasa tuugeukie upande wa pili wa kisa, ambao ni Buganda. Huko mambo yalikwenda kinyume. Wimbi la NUP lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliyebeba nembo ya mwavuli alishinda hata pale ambapo hakuwa akijulikana sana, na mawaziri kadhaa wakaanguka. Makamu wa Rais Edward Ssekandi mwenyewe alipoteza kiti chake cha Bukoto ya Kati, ingawa yeye aliangushwa na mgombea wa DP. Karibu viti vyote 57 vya NUP vilitoka Buganda. Kwa upande wa rais, Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Yoweri Museveni kuwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 58, na Kyagulanyi akapewa karibu asilimia 35, matokeo ambayo upinzani uliyakataa. Hata tukiyachukua yalivyotangazwa, asilimia 35 ya kura za rais iliambatana na asilimia 11 hivi ya viti vinavyopigiwa kura na wananchi. Kura ya rais na kura ya mbunge si kitu kimoja, na ni makosa kudai kwamba NUP ilistahili viti 175. Lakini pengo la ukubwa huo halielezwi na tofauti ya wagombea peke yake. Lipo kwa sababu kura za NUP za Busoga, za Mbale na za miji ya magharibi zilitapakaa katika majimbo ambamo hazikutosha kuongoza, na mfumo wetu hauna kapu la kuziokotea.

Madhara yake kwa siasa za vyama ni makubwa kuliko idadi ya viti. Chama chenye wafuasi nchi nzima kinaonekana bungeni kama chama cha kabila moja, na serikali haichelewi kukiita hivyo. Ruzuku ya serikali kwa vyama hugawiwa kwa kufuata wingi wa wabunge, kwa hiyo chama kilichodhulumiwa na mfumo hudhulumiwa tena na hazina. Mwaka 2025 Bunge lilibana zaidi kwa kuifungamanisha ruzuku hiyo na uanachama wa jukwaa la majadiliano la vyama vyenye wabunge, ila hilo ni suala la siku nyingine.

Mageuzi gani basi yangefaa? Yaliyozungumzwa zaidi nchini yanahusu usimamizi: nani awateue makamishna wa Tume ya Uchaguzi, ambao kwa sasa huteuliwa na rais kwa idhini ya Bunge, jeshi likae wapi siku ya kura, mitambo ya kuwatambua wapigakura itumikeje. Mahakama ya Juu, ilipotupa ombi la Amama Mbabazi la kupinga matokeo ya urais mwaka 2016, ilitoa mapendekezo 10, nayo kwa sehemu kubwa yalihusu mwenendo wa uchaguzi wa rais na muda wa kesi. Yote hayo yanahitajika. Lakini Tume safi kuliko zote duniani, ikihesabu kwa kanuni iliyopo, bado ingetuletea wabunge huru wengi na upinzani uliofungiwa mkoa mmoja.

Njia ambayo naiona ina uzito ni mfumo mseto, ambamo majimbo yanabaki lakini sehemu ya viti inatolewa kwa orodha za vyama ili kufidia pengo kati ya kura na viti. Mfano wa karibu kwa mazingira yetu ni Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata karibu asilimia 61 ya kura kikachukua viti 79 kati ya 80. Ghasia zilizofuata ziliuvuruga mji wa Maseru, na majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Mwaka 2002 nchi ile ilirudi kwenye uchaguzi ikiwa na majimbo 80 na viti 40 vya fidia, na upinzani ukaingia bungeni kwa idadi inayoeleweka. Mfumo huo nao una matobo: mwaka 2007 vyama vikubwa viliungana na vyama vidogo kwa hila, kimoja kikisimama majimboni na kingine kwenye orodha, ili vipate viti vya fidia visivyostahili. Atakayeandika sheria ya Uganda bila kuziba tobo hilo atakuwa amewaandalia watu wetu karamu.

Kuongeza viti vipya juu ya 529 ni jambo ambalo mlipakodi hawezi kulisikia, na ana haki. Lakini viti vya kufidia tayari tunavyo, yaani vile 146 vya wanawake. Kwa sasa kila wilaya ina mbunge mwanamke mmoja, iwe kubwa au ndogo. Kwa sensa ya mwaka 2014 Wakiso ilikuwa na watu karibu milioni 2 na Kalangala watu karibu 54,000. Kila moja ina mbunge mwanamke mmoja, kana kwamba mkazi mmoja wa visiwa vya Ssese huko Kalangala ni sawa na wakazi zaidi ya 30 wa Wakiso. Kila wilaya mpya inapoundwa kiti kipya huzaliwa, na ndiyo sababu mojawapo wilaya zimezaliana kutoka 33 mwaka 1986 hadi 135, bila kuihesabu Kampala, mwaka 2020. Viti hivi vikihamishwa kutoka wilayani na kugawiwa kimkoa, kwa orodha za wanawake zinazowasilishwa na vyama na kulingana na kura za ubunge za mkoa mzima, wanawake hawatapoteza hata kiti kimoja, wilaya ndogo haitakuwa tena na uzito wa bandia, na kura ya NUP kule Mbale au ya NRM pale Wakiso itapata mahali pa kuhesabika. Tanzania hugawa viti maalumu vya wanawake kwa uwiano wa kura kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5, ingawa wengi huko wanalalamika kwamba viongozi wa chama ndio wanaoamua nani awe juu ya orodha. Malalamiko hayo ni ya haki, na dawa yake ni kumruhusu mpigakura kuchagua jina ndani ya orodha.

Wabunge huru wangepungua, si kwa kukatazwa bali kwa sababu chama kingekuwa na kitu cha kumpa mpigakura zaidi ya jina lililoshinda mstarini. Pamoja na hayo mchujo wa mstari ungepaswa kufa kwa sheria, vyama vyote vilazimike kutumia kura ya siri na kutunza karatasi zake. Kenya imekwenda njia nyingine ya kumtaka mgombea huru awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ni kizuizi chepesi, na aliyejipanga mapema hukiruka bila jasho.

Uchaguzi wa tarehe 15 Januari 2026 ulifanyika kwa kanuni zilezile, na kwa majimbo 353 yaleyale. Kikwazo kinajulikana: wanaopaswa kuubadili mfumo ndio waliopita humo. Hata hivyo Ibara ya 78 ya Katiba inaliagiza Bunge kuvipitia viti vya wanawake na vya makundi maalumu baada ya miaka 10 ya kwanza na kila miaka 5 tangu hapo, ili liamue kuvibakiza, kuviongeza au kuvifuta, pamoja na mambo yanayoambatana navyo. Mapitio hayo yamezoea kuishia kwenye kuvibakiza vilivyo. Mbunge yeyote, awe wa chama au huru, anaweza kulileta suala la namna viti hivyo vinavyogawiwa katika mapitio hayohayo, na Bunge lina wajibu wa kikatiba wa kuyafanya hata kabla ya mtu yeyote kudai mageuzi.